Siku ya Idi na Chupa Ndani ya Kanzu

Jamaa zangu, leo nimepatikana. Nimeaibika mchana kweupe, siku ya Idi, mbele ya wazee wa watu, ndani ya kanzu mpya. Na chanzo ni nyinyi! Ndiyo, nyinyi na zile chupa zenu.

Nawaandikia alasiri hii nikiwa barazani kwangu hapa Mwabungo. Kanzu nimeifua na kuianika uani, nimejifunga kikoi. Barua hii isomeni huko Mji wa Kale mkiwa mmekaa pamoja, lakini Fundi Omari msimpe aisome kwa sauti. Namjua, ataongeza chumvi. (Chumvi sijakatazwa na daktari, lakini hata hivyo.)

Kwanza niwajibu swali lenu. Mliniuliza katika hizi soda zisizo na sukari ni ipi yenye ladha. Mnajua nimepika melini miaka mingi, na ulimi wangu haudanganyiki. Mnajua pia kwamba tangu daktari wa hospitali kule Msambweni aniambie nina ugonjwa wa sukari, na kuuonyesha mguu wangu kwa kidole akisema nikiendelea na halua tutaagana nao, mimi ni mtu wa kunusa vitamu tu.

Basi sikilizeni. Ile ya rangi ya kahawia, mliyoipata kwa baharia wa meli ya Kimarekani mkaipakia kwenye basi ikaja huku, huanza vizuri. Ukiitia mdomoni unasema, "Naam, hii ni soda." Ukishaimeza, unabaki kama mtu aliyelamba ufunguo. Na ladha hiyo haiondoki. Unasali nayo, unalala nayo.

Ya pili ni ile ya ndimu, inayouzwa Mombasa katika duka la Wazungu. Hiyo niliivukia feri mwenyewe. Ladha ya ufunguo haina. Haina ladha yoyote! Nadhani ndimu ilipitishwa dirishani ikaaga. Niliporudi tena kuitafuta nikaambiwa imekwisha, ningoje meli nyingine, na meli yenyewe hakuna aliyejua itakuja lini.

Ya tatu natengeneza mwenyewe: soda tupu, ile ya chupa yenye kizibo cha gololi, pamoja na kidonge cha sakarini. Ukitumbukiza kidonge, povu linapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Nusu unakunywa, nusu unapigia deki. Utamu wake unapita kiasi, halafu kooni unageuka uchungu.

Na madukani huku msiulize. Nilimwuliza mwenye duka mmoja pale Ukunda kama ana soda isiyo na sukari. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee wangu, sukari wameshaitia kiwandani. Mimi nitaitoaje?"

Nikanunua mafuta ya taa nikarudi zangu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mshindi ni ile ya ufunguo. Hakushinda kwa utamu, ameshinda kwa kuwa wenziwe ni wabaya zaidi. (Hata mimi kazi ya melini niliipata hivyo hivyo.)

Lakini liko jambo ambalo katika barua zangu zilizopita sikuwaandikia. Nina upweke, jamaa zangu. Tangu nihamie nyumba hii aliyoniachia dada yangu marehemu, watu wananisalimu vizuri sana. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, nimeamka salama, na miguu yao haisimami. Hakuna aliyepanda baraza hii akakaa. Ramadhani nzima nimefuturu peke yangu. Nilikuwa natandika jamvi, natia uji usio na sukari kikombeni, nangoja adhana. Kuna siku nilitandika vikombe viwili. (Msiniulize cha pili kilikuwa cha nani.)

Sasa leo. Tumetoka kusali sala ya Idi, watu wanakumbatiana, mimi nimesimama kando na viatu vyangu mkononi. Mara naona nashikwa mkono. Ni Mzee Mwinyihaji, jirani yangu, tunatenganishwa na ua wa makuti tu.

"Bwana Athumani, Idi mbaraka. Leo usipike. Leo uko kwangu. Mke wangu amesema mgeni asikose."

Asikose! Mimi! Nilimshukuru mara nyingi mpaka akaangalia pembeni. Nikarudi nyumbani mbio kujitia udi, na moyo unanienda kama wa bwana harusi. Nilijiambia: Athumani, mlango umefunguliwa, usiuharibu. Ukikaa vizuri leo, kesho watakuita kahawa, keshokutwa watapita kwako.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Ada zetu mnazijua. Siku ya Idi ukiingia nyumba ya mtu, huwezi kusema hapana. Kuna kaimati zinaelea kwenye shira, kuna halua, kuna mkate wa sinia, na juu ya yote kuna sharubati. Kaimati unaweza kuishika mkononi ukazungumza mpaka isahauliwe. Lakini sharubati unamiminiwa wewe, kwa bilauri yako, na mwenyewe anakutazama.

Mtasema, si ungewaeleza tu kwamba unaumwa? Lo! Siku ya kwanza ya kualikwa nianze kutangaza maradhi? Watanipa mizizi ya kuchemsha badala ya urafiki. Na nikikataa bila kueleza, watasema, "Huyu mtu wa Mombasa anajiona." Na nikinywa, mguu.

Basi nikapata hila. (Mzee mzima wa umri wangu na hila! Mngenizuia mngekuwapo.) Nilikwisha kusikia harufu ya ukwaju kutoka jikoni kwa jirani tangu jana. Sharubati ya ukwaju ni ya kahawia. Na soda yenu ya ufunguo ni ya kahawia. Nikachukua chupa moja, nikaifunga kwa leso kiunoni, ndani ya kanzu, na kifungulio mfukoni. Nikipata nafasi nitajaza bilauri yangu mwenyewe. Nitakunywa na wenzangu, rangi moja, raha moja, na hakuna atakayejua.

Nikaenda. Ni hatua chache kutoka kwangu, lakini jua lilikuwa kali na chupa ilikuwa inanigonga nyonga. Kumbukeni hilo.

Sebuleni tulikuwa wanaume wachache tu. Nilidhani kwa mzee mwenye heshima kama yule ningekuta watu wamebanana mpaka mlangoni. Mzee Mwinyihaji alikaa kichwani mwa jamvi. Karibu yangu alikaa Rashidi, muuza samaki, mtu mwenye mdomo usiolala. Bi Mwanasha, mke wa mzee, alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Tulisikia bangili zake tu. Katikati palikuwa na majagi ya sharubati yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na mbele ya kila mtu bilauri tupu.

Vyakula vikapita. Na hapo niliona ajabu. Kila mtu alikuwa ameshiba! Rashidi alimega kaimati, akaitia nusu mdomoni, nyingine akairudisha. Mwingine akasema tumbo halimo vizuri. Mwingine akasema amekula mno kwake. Wameshiba, na wametoka kufunga mwezi mzima! Mimi nikafurahi, nikasema kimoyomoyo, heri, sitaonekana peke yangu.

Mzee akasema kabla ya kunywa tuombe dua. Nikajua wakati umefika. Katika dua kila mtu huinamia viganja vyake, na kila baada ya ombi huitikia "Amin" kwa sauti. Kizibo kikilia ndani ya "Amin" kubwa, nani atasikia?

Mzee akaanza. "Mola atujaalie afya."

"Amin!"

Nikaishusha chupa katikati ya magoti. Mkono mmoja uko kwa Mola, mmoja uko kwenye chupa. (Nimeshatubu.)

"Mola atuzidishie riziki."

"Amin!"

Kifungulio kikashika kizibo.

"Mola azijaze nyumba zetu watu..."

Nikavuta. Na mzee, jamaa zangu, badala ya kumaliza, akapaliwa na mate akanyamaza.

FSSSSSSS!

Katika nyumba ile palikuwa kimya, hata nzi alikuwa anaomba dua. Chupa imepikwa na jua, imetikiswa njia nzima, sasa imepata upenyo. Povu likaruka likampiga Rashidi sikioni. Likapiga kitambaa cha jagi. Lililobaki likanimwagikia mimi, mapajani, kwenye kanzu nyeupe ya Idi, rangi ya kahawia, mahali ambapo mtu mzima hatakiwi kulowa. Nikaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba. Likatokea pembeni likanipiga puani.

Viganja vyote vikashuka. Macho yote yakaja kwangu.

"Ni nini hicho?" akauliza Mzee Mwinyihaji.

"Soda, mzee wangu."

"Nani amekupa soda?"

"Nimekuja nayo."

"Umekuja nayo. Nyumbani kwangu. Na sharubati iko mbele yako."

 Pazia likasogea. Bi Mwanasha akasimama pale mlangoni na shela lake, mwanamke mtu mzima, uso umemshuka. Alinitazama mimi, akaitazama chupa, akasema taratibu:

"Hata wewe? Hata wewe mgeni wameshakwambia?"

"Wameniambia nini, bibi?"

 Wanaume wote wakatazama jamvi. Ni Rashidi, huku anajipangusa sikio, aliyeninong'oneza. Ati mwaka jana mtu mmoja alikula katika nyumba hii, akaumwa na tumbo usiku ule ule. Alipona baada ya siku mbili, mzima kabisa. Lakini maneno yalikwisha kuruka ua: mkono wa Bi Mwanasha una kitu. Tangu siku hiyo watu wanakuja kwa ajili ya heshima ya mzee, wanachovya midomo, wanaondoka. Ndiyo maana wote walikuwa wameshiba! Na ndiyo maana nilialikwa mimi. Mama wa watu alimtaka mtu asiyesikia maneno hayo, aje anywe kwa moyo mweupe, wengine waone.

Na mtu huyo amekuja na chupa yake kiunoni.

Mnajua kwetu mtu akiingia nyumba ya mwenziwe na kinywaji chake maana yake nini. Hahitaji kusema. Ameshasema, "Nakuogopa." Nilitamani jamvi linifunike.

"Wallahi, Bi Mwanasha, mimi sijaambiwa neno," nikasema. "Nani wa kuniambia? Tangu nihamie hapa hakuna mtu aliyesimama na mimi zaidi ya salamu. Hata uvumi haukunifikia! Nimebeba soda kwa sababu ninaumwa ugonjwa wa sukari. Daktari amenikataza. Niliona haya kusema."

"Sukari?" akasema Rashidi. "Sukari nayo ni ugonjwa? Mbona wengi tunautafuta na hatuupati?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Bi Mwanasha hakucheka. Alikuja akafunua jagi, akamimina sharubati kidogo tu katika bilauri yangu, pungufu ya kikombe cha kahawa.

"Kama ni ugonjwa, Mungu atakuponya," akasema. "Lakini kama huuogopi mkono wangu, onja."

Hapo mngefanyaje? Nikaukumbuka mguu. Nikautazama uso wa yule mama. Nikasema Bismillahi nikaimimina yote mdomoni.

Jamaa zangu! Ukwaju, iliki, sukari ya kweli. Miezi mingapi sijaonja kitu kilichotengenezwa na mtu kwa ajili ya mtu? Nikaisahau ile ya meli, na ile ya ndimu, na kile kidonge na povu lake. Machozi yakanijaa machoni. Na hapo hapo ile gesi ya soda niliyoivuta kwa pua ikaamua kupanda, na sharubati ilikuwa inashuka. Zikakutana kooni.

Nikapaliwa. Macho yakanitoka. Nikashika shingo, nikaanguka ubavu juu ya Rashidi, napiga jamvi kwa mkono.

"La ilaha illallah!" akapiga kelele Rashidi. "Mgeni anakufa! Jamani, ni kweli! Mgeni anakufa!"

Watu wakasimama. Mmoja alikwisha kufika mlangoni, anatafuta viatu vyake. Mzee Mwinyihaji amekufa ganzi. Bi Mwanasha ameshika kichwa kwa mikono miwili. Na mimi nataka kusema "siyo, siyo," lakini sauti haitoki! Nimealikwa kuusafisha mkono wa mama wa watu, sasa naumaliza kabisa.

Kisha gesi ikapata njia. Nikateuka. Sijui niieleze vipi mbweu ile kwa watu wenye heshima zenu. Kuku walikimbia uani. Mzee mmoja, kwa mazoea tu, aliitikia "Amin."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikakaa. "Samahanini. Ni soda."

 Halafu Bi Mwanasha akainama, akaichukua chupa yangu, akainusa. Ndani ilibaki kama nusu.

"Hii ndiyo unayokunywa?"

"Ndiyo, bibi."

"Kila siku?"

"Nikiipata."

Akageukia upande, akapiga funda moja. Nilimwona mabega yakimpanda. Alipogeuka uso wake ulikuwa umekunjamana wote, jicho moja limefumba.

"Astaghfirullah!" akasema. "Na watu wa hapa wananisema mimi!"

Rashidi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akataka naye aonje, mnamjua mtu wa namna hiyo. Akaonja, akatema ulimi nje, akapapasa jagi bila kutazama, akajimiminia bilauri nzima ya sharubati ya Bi Mwanasha akaigugumia yote. "Ondoa, ondoa!" anasema. Mwingine naye hakukubali, lazima aonje. Naye mbio kwenye jagi. Chupa ikazunguka jamvi zima, na kila ilipopita, bilauri ilijazwa na kumalizwa na kujazwa tena, maana ladha ya ufunguo haitoki kwa bilauri moja. Hata yule aliyekwenda kutafuta viatu alirudi. Jagi la kwanza likakauka. Wakaita la pili! Na kwa kuwa kinywa kimeshafunguka, kaimati nazo zikaenda, na halua, na mkate. Hakuna aliyekumbuka kwamba ameshiba.

Bi Mwanasha alisimama mlangoni anawatazama.  Alikuwa anajipangusa macho kwa ncha ya shela.

Mimi peke yangu ndiye niliyekaa bila kunywa. Nilikaa na kanzu yangu iliyolowa, nikapewa maji. Watu waliokuwa wanapita njiani walisikia vicheko wakachungulia, wakaitwa ndani wakasimuliwa. "Ndiye huyu! Ndiye huyu wa chupa!" Nimeshapewa jina, jamaa zangu. Naitwa Mzee Fsss.

Nikaaga. Kanzu ilikuwa inaanza kunata, na nzi walikuwa wananifuata mimi badala ya halua. Walinisindikiza kwa vicheko mpaka uani. Nikaingia kwangu, nikafunga mlango, nikafua.

Punde hivi, nikiwa nimeanza barua hii, Mzee Mwinyihaji amekuja na birika. Amesimama chini ya baraza, hakupanda.

"Mke wangu amesema huu ni wako. Ukwaju mtupu, haukutiwa sukari hata chembe. Na amesema ile chupa usiilete tena, hata ikiwa tupu."

"Ahsante, mzee wangu. Karibu basi, ukae kidogo."

"Sasa hivi siwezi, bwanangu. Nina wageni." Akageuka kutazama kwake, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Nyumba imejaa, Bwana Athumani! Imejaa mpaka uani!"

Akaenda zake, anatembea haraka kama kijana. Nami nafurahi kwa ajili yake, wallahi nafurahi. Vicheko vyao navisikia hapa nilipo, na jina langu nalisikia humo. Nimeleta bilauri mbili, endapo atarudi. Huu ukwaju mtupu ni mkali, unafumba jicho mwenyewe bila kutaka. Lakini una ladha ya ukwaju, na ufunguo haumo. Basi futeni jibu langu la juu: mshindi ni huu, na hauuzwi dukani.

Najua mtacheka. Siwazuii, leo kila mtu amecheka. Lakini kicheko cha huko hakivuki feri, na hapa barazani pana nafasi tele. Njooni mnichekee hapa. Na kila mtu aje na chupa yake. Kwangu mimi hakuna atakayeudhika.